Mtoto asiyeona ubao ana kosa gani?

Mwisho wa mwaka wa masomo watoto hurudi nyumbani na karatasi ya alama mkononi. Mmoja amepita, mwingine ameanguka, wa tatu ameambiwa kurudia mwaka. Mara nyingi baba hatazami sana hesabu zenyewe, atafuta neno aliloliandika mwalimu chini yake: mvivu, hasikilizi, akili yake ni nzito. Maneno hayo ni mafupi, lakini yana nguvu kuliko alama. Alama zaweza kubadilika mwaka ujao. Neno “mvivu” laandamana na mtoto mpaka kijijini, latajwa siku ya ugomvi na ndugu zake, na mwishowe yeye mwenyewe alisadiki.

Wasomaji wapenzi, nataka kuuliza swali moja juu ya maneno hayo. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa sababu hakusoma kitu ambacho hakukiona? Kila mmoja atajibu upesi: si haki. Vema. Lakini hukumu ya namna hiyo yatolewa katika kalasi zetu siku kwa siku, na wanaoitoa si watu wabaya. Wengi wao ni walimu wenye bidii na wazazi wenye upendo. Basi yafaa tutafute kosa liko wapi, na ni la nani.

Aristotle, yule mwenye hekima wa Ugiriki, alifundisha kwamba hakuna mtu amlaumuye aliyezaliwa kipofu. Watu humhurumia tu. Lakini aliyepoteza macho kwa ulevi wake, huyo alaumiwa na wote, maana chanzo cha shida yake kilikuwa mkononi mwake. Karne nyingi baadaye, Thomas wa Akwino aliendelea na fikira hiyo akachambua kutojua kwa mwanadamu. Kuna kutojua ambako mtu hawezi kukushinda hata akijitahidi. Kutojua kwa namna hiyo kwamwondolea kosa. Kuna pia kutojua ambako angeweza kukushinda kama angeuliza, kama angetazama, kama asingekuwa mlegevu. Tena alisema kwamba kila mtu apaswa kujua mambo ya kazi yake. Msomaji na ayashike maneno hayo mawili, kwani tutayahitaji: moja kwa ajili ya mtoto, la pili kwa ajili yetu.

Tuanze na mtoto. Jicho ni kama chumba chenye giza chenye dirisha moja dogo. Nuru yaingia kwa mbele, na sura ya kitu yachorwa kwenye ukuta wa nyuma, juu ya utando mwembamba uitwao retina. Jicho likiwa refu kupita kiasi, hata kwa milimita moja tu, sura yachorwa kabla ya kufika ukutani, na vitu vya mbali vyaonekana kama milima asubuhi ya ukungu. Vitu vya karibu aviona sawasawa. Aweza kuokota sindano chini, aweza kuchambua maharagwe na mama yake, aweza kusoma kitabu akikishika mbele ya pua. Kwa hiyo nyumbani hakuna anayemshuku. Shida iko kwenye ubao tu, na ubao uko shuleni. Kuna na watoto wengine ambao shida yao ni kinyume: wakitazama kitabu kwa muda mrefu kichwa chawauma na mistari yachanganyikana, nao watupa kitabu wakienda kucheza. Hao nao huitwa wavivu.

Lakini jambo kubwa ni hili: mtoto mwenyewe hajui. Kasoro ya kutoona mbali huanza mara nyingi katikati ya miaka ya shule, polepole, bila maumivu na bila uwekundu wa jicho. Mtoto hajapata kuazima macho ya mwenzake hata siku moja. Afikiri kwamba wote waona ukungu ule ule, ila wenzake wana akili ya kuusoma na yeye hana. Mtu mzima akiambiwa “huoni vizuri” aweza kulinganisha na alivyokuwa ujanani. Mtoto wa miaka tisa hana kitu cha kulinganisha. Hapa ndipo kutojua kusikoshindika kulipo, kwa wazi kuliko katika mifano mingi tuliyosomeshwa.

Sasa tazameni namna mtoto huyo anavyoishi katika kalasi. Mwalimu aandika hesabu kumi ubaoni. Mtoto yuko benchi la nyuma. Hana la kufanya ila kutazama daftari la jirani yake, naye aandika alichokiona humo. Ataitwaje? Mwizi wa majibu. Kumbe haibi majibu, atafuta swali! Siku nyingine ainuka, asogea mbele hatua tatu ili aone. Ataambiwa kwamba avunja utaratibu. Siku nyingine akunja uso na kufinya macho, maana akifinya macho aona nafuu kidogo. Mwalimu ageuka, aona uso uliokunjamana, adhani ni dharau. Mwishowe achoka. Aweka kichwa juu ya mkono na kutazama dirishani, na saa ile, baada ya miezi mingi, kwa mara ya kwanza sifa yake ni ya kweli: hasikilizi. Lakini nani aliyemfundisha kutosikiliza?

Mimi naona katika mambo hayo kitu cha kusikitisha kuliko alama mbaya. Kila alichofanya mtoto mwanzoni kilikuwa bidii. Kuuliza kwa jirani, kusogea mbele, kufinya macho: ni juhudi ya mtu atakaye kujifunza. Nasi tumemwadhibu kwa kila juhudi, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ile isiyoadhibiwa, yaani kunyamaza nyuma ya kalasi. Mtoto anyamazaye hamsumbui mtu. Apata sifuri kwa amani.

Na mwalimu je? Hapa lazima tuseme kwa haki pia. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa kuwa bure katika shule za serikali ya Kongo, kwa mwaka wa shule wa 2019-2020, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia, na hilo ni jambo jema. Lakini kuta za kalasi hazikusogea. Mahali pengi benchi la watoto wawili laketiwa na wanne, na walio nyuma wako mbali na ubao ambao rangi yake nyeusi imekwisha kufifia. Mwalimu aliye na watoto sitini ao zaidi mbele yake, na mshahara unaochelewa, tutamwambia kwamba angepaswa kumtambua mmoja anayefinya macho? Wengine watasema: mwacheni, mzigo wake watosha.

Nakubali nusu. Mzigo ni mkubwa. Lakini kumbukeni neno lile la pili: kila mtu apaswa kujua mambo ya kazi yake. Mwendesha gari hawezi kusema “sikujua kama breki zilikuwa mbovu” ikiwa hakuzijaribu asubuhi. Kazi ya mwalimu ni kupitisha maarifa kwa njia ya ubao, kwa macho ya watoto. Kujua kama njia ile iko wazi si nyongeza juu ya kazi yake. Ndio mwanzo wa kazi. Tena kipimo chenyewe si kigumu. Mganga mmoja Mholanzi, Herman Snellen, alitengeneza mwaka 1862 karatasi ya herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, na mpaka leo yatumika dunia nzima. Kwa watoto wasiojua kusoma yatumika herufi E peke yake, iliyogeuzwa juu, chini, kushoto, kulia. Mtoto asimama hatua zilizopimwa, kwa kawaida mita 6, afunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, na kwa mkono wa pili aonyesha miguu ya E yaelekea wapi. Kisha jicho la pili. Dakika mbili kwa mtoto mmoja. Kalasi ya sitini ni masaa mawili katika mwaka mzima. Kutojua kunakoweza kuondolewa kwa masaa mawili hakuwezi kuitwa kutojua kusikoshindika.

Mwenye mashaka atauliza: je, kweli miwani (malineti, kama wengi wetu wasemavyo) yabadilisha kitu katika masomo? Pengine mtoto alikuwa mzito wa akili tangu zamani, nasi twatafuta udhuru machoni. Swali hili ni la haki, na halijibiwi kwa kisa cha mtoto mmoja aliyefanikiwa. Twende mbali kidogo, mpaka China, kwa sababu huko jambo lenyewe limepimwa kwa uangalifu. Katika jimbo la Gansu, upande wa magharibi, penye vijiji maskini vya wakulima, wataalamu walianza mwaka 2004 kazi katika shule 165 zenye wanafunzi zaidi ya 19,000. Zikachaguliwa kwa bahati nasibu shule 103 ambamo watoto wa miaka ya nne mpaka ya sita wenye macho mabaya walipewa miwani bure. Shule 62 zikabaki kama zilivyokuwa, ili zilinganishwe. Baada ya mwaka mmoja, watoto wenye macho mabaya katika shule zilizopewa miwani walipata alama zilizo bora kuliko wenzao. Walimu walikuwa wale wale, na vitabu vile vile. Kazi nyingine, iliyotangazwa mwaka 2014, ilifanywa katika shule 252 za mikoa ya Tianshui na Yulin, katika nchi hiyo hiyo, nayo ikaonyesha faida katika hesabu. Hawakugeuka wote kuwa wa kwanza katika kalasi, msinielewe vibaya. Lakini sehemu fulani ya kile kilichoitwa uzito wa akili ilikuwa uzito wa ukungu.

Katika kazi ile ya Gansu kuna jambo lililonishangaza kuliko alama. Watoto karibu 30 katika kila mia walioahidiwa miwani ya bure walikataa, ao wazazi wao walikataa. Na katika ile ya pili, wakaguzi walipofika shuleni bila kutoa habari, chini ya nusu ya watoto waliopewa miwani walikuwa wameivaa. Kitu cha bure, kinachosaidia, kikaachwa katika mfuko! Kwa nini? Sababu zilizotajwa huko twazijua hata sisi, utafikiri ni wazee wetu wanaosema. Ya kwanza: miwani yaharibu macho, jicho likizoea kusaidiwa halitafanya kazi tena. Ya pili: wenzake watamcheka. Ya tatu: mtoto ni mdogo, angoje akue.

Sababu ya kwanza si ya kuchekwa, kwa maana yatoka kwa mtu aliyetazama. Amemwona mtoto wa jirani akivaa miwani, na baada ya mwaka mmoja akahitaji nyingine yenye nguvu zaidi. Basi akasema: miwani imemwongezea. Lakini amegeuza mpangilio wa sababu. Mtoto akua, na jicho lake larefuka pamoja naye. Lingerefuka hata bila miwani, kama miguu irefukavyo bila viatu. Hakuna amwambiaye mtoto kwamba viatu vimemrefusha miguu. Huko Malaysia waganga walitaka kujua kama kumpa mtoto vioo dhaifu kuliko haja yake kungezuia macho yasiendelee kuharibika. Waliwafuata watoto 94 kwa miaka miwili, wakatangaza mwaka 2002 kwamba haikuzuia: waliopewa vioo dhaifu waliendelea kuharibika, tena upesi kidogo kuliko waliopewa vioo kamili.

Sababu ya pili, kuchekwa, ni yetu sisi wakubwa. Watoto hucheka kile wanachosikia wazazi wakikicheka. Katika miji yetu miwani yahesabiwa kuwa pambo la wakubwa wa ofisi na maprofesa; mtoto wa mkulima akiivaa aonekana kama mwenye kujikweza. Mzazi mmoja akiambiwa habari ya macho ya binti yake atajibu: “Bwana mwalimu, mtoto wangu si kipofu, usimletee jina.” Aogopa kwa ajili ya ndoa yake ya baadaye. Naelewa hofu ya mzazi huyo, lakini yanipasa kusema wazi: binti amekwisha kupewa jina, nalo ni mjinga. Kati ya majina mawili, baba amechagua lile baya zaidi kwa sababu amelizoea.

Tufike sasa kwa bei, maana wengi watasema: maneno mazuri, lakini miwani ni ya matajiri. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo wake. Miwani ilivumbuliwa nchini Italia karibu mwaka 1286. Mvumbuzi wa kwanza hatujui jina lake, kwani alificha ufundi wake. Lakini katika mji wa Pisa alikuwako mtawa Mdominiko, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313. Habari za nyumba yake ya kitawa zasimulia kwamba aliiona miwani kwa mtu ambaye hakutaka kufundisha wengine. Naye Alessandro akaenda kujitengenezea mwenyewe, kisha akawafundisha wote kwa moyo mkunjufu. Mbele ya kitu kimoja walikuwako watu wawili, mmoja aliyefunga mkono na mmoja aliyefungua, na jina tulilo nalo ni la yule aliyefungua. Miwani ile ya kwanza ilikuwa ya wazee wasioona karibu. Ya vijana wasioona mbali ilikuja baadaye. Mwaka 1462 mtawala wa Milano, Francesco Sforza, aliagiza Firenze miwani dazeni tatu, na dazeni moja ilikuwa ya kuona mbali, kwa macho ya vijana. Dazeni tatu, kwa ajili ya watu wa nyumba ya mtawala!

Leo mambo si hayo tena. Mwalimu mmoja Mjerumani wa hesabu na fizikia, Martin Aufmuth, alibuni mashine ndogo ya mkono, isiyohitaji umeme, ya kukunja waya wa chuma mpaka uwe miwani. Vioo vilivyokwisha kukatwa vyaingizwa kwa vidole. Vitu vya kutengenezea miwani moja vyagharimu kama dola moja. Chama alichokianzisha mwaka 2012 chafundisha vijana wa Burkina Faso, Malawi na nchi nyingine kuitengeneza wao wenyewe. Jirani yetu Rwanda, tangu mwaka huo huo wa 2012, wizara ya afya pamoja na chama cha Vision for a Nation waliwafundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya kupima macho, ili mtu wa kijijini asilazimike kusafiri mpaka mji mkuu kwa ajili ya kioo. Mwenye ugonjwa mkubwa zaidi alipelekwa kwa mganga.

Hapo ndipo swali letu lageuka. Kitu kikiwa cha thamani kubwa, asiyekipata ni mtu wa bahati mbaya, na anayempa ni mkarimu. Lakini kitu kikifikia bei ya kuku mmoja, na kalasi yamlazimisha mtoto kusoma ubao, yampima kwa ubao, yamwadhibu kwa ubao, je, kumpa uwezo wa kuuona bado ni ukarimu? Mimi nasema hapana. Ni deni. Anayeamuru jambo awiwa na aliyeamriwa chombo cha kulitenda. Mkubwa wa kazi hamtumi mtu kulima bila jembe kisha akamkata mshahara kwa shamba lisilolimwa. Na akifanya hivyo, sisi sote tutasema ni dhuluma, wala hatutasubiri mtu mwenye huruma aje kuleta jembe.

Wengine watapinga kwa hesabu: katika Afrika watoto wasioona mbali ni wachache kuliko wa China. Ni kweli, wataalamu wasema hivyo. Lakini naona hoja hiyo yafanya kazi upande mwingine. Mahali ambapo watoto kumi katika kalasi wafinya macho, mwalimu atatambua. Mahali ambapo ni wawili tu kati ya sitini, hakuna atakayetambua, na wawili hao watakuwa peke yao. Uchache wapunguza gharama yetu. Haupunguzi deni kwa mtoto hata kidogo. Kama duka lina wadai wawili tu, mwenye duka ana raha zaidi ya kuwalipa, basi.

Nani alipe? Sitaki kusema “serikali” halafu niweke kalamu chini, ingawa serikali yahusika, na Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2019 kwamba watu bilioni moja, kwa uchache, wana shida ya kuona ambayo ingeweza kuzuiwa ao bado haijatibiwa. Kamati ya wazazi ambayo hukusanya franka kwa ajili ya mabati na madawati yaweza kuweka kando kidogo kwa miwani ya watoto wawili ao watatu kila mwaka. Mzazi mwenye uwezo alipe sehemu. Asiye nao asiaibishwe mbele ya wengine. Na yule aliyekwisha kupimwa na E akaonekana ana shida, aketishwe benchi la mbele kuanzia siku ile ile, hata kabla ya franka kupatikana, kwa maana benchi la mbele halina bei. Lakini asiachwe hapo mbele kama dawa ya kudumu: asogezwe karibu, na safari ya kituo cha afya iandaliwe, maana jicho jekundu, jicho lenye doa jeupe, ao mtoto asiyeona wakati wa jioni ni mambo mengine kabisa ambayo kioo hakiyatibu, na mengine hayangojei. Mwaka unaofuata apimwe tena, kwa kuwa jicho la miaka kumi na moja si jicho la miaka kumi, na miwani ya mwaka jana, kama haijavunjika uwanjani, yaweza kumfaa mdogo wake tu ikiwa naye amepimwa na kuonekana ana haja ya kioo kile kile.